Kavumu: kandambili si kosa

Juma hili hapa Kavumu mama mmoja mkimbizi wa ndani amerudishwa mlangoni pa mkutano kwa sababu ya kandambili. Mwaliko ulidai «tenue correcte», na hakuna aliyemweleza maana yake.

Tuseme wazi. Mavazi ya kawaida ni ya nyumbani na sokoni: tisheti, jinsi, kandambili. Ya kawaida lakini nadhifu ni shati lenye kola, suruali safi, kikwembe kilichopigwa pasi, viatu vya kufunika vidole. Suti si lazima. Mitumba inatosha, kwa aliye na pesa. Lakini aliyekimbia vita usiku alibeba watoto, hakubeba viatu.

Wazee wanakumbuka: miaka ya 1970 Mobutu alikataza suti na tai, watu wakavaa abacost, mwaka 1990 tai ikaruhusiwa tena. Kilichokuwa kosa jana, leo kinaitwa heshima!

Ninyi mnaoandaa mikutano, andikeni: «Njoo msafi, njoo na ulichonacho». Mkutano ulikuwa juu ya shida za wakimbizi. Mkimfukuza mkimbizi, mnazungumza na nani?