Mnunuzi wa kesh hakufanyii hisani, mkague

Ukipita Buruburu utaviona kwenye nguzo za stima, katikati ya matangazo ya waganga na ya wanaozibua vyoo: "Tunanunua nyumba. Kesh. Siku 7." Chini yake namba ya simu, basi. Hakuna jina la mtu wala ofisi.

Mwaka jana anti yangu alipiga mojawapo ya namba hizo. Yeye ni dada ya baba, mwalimu mstaafu, na nyumba hiyo ameishi ndani tangu mimi sijazaliwa. Mwanawe alikuwa amelazwa na bili ilikuwa inapanda kila kukicha. Jamaa akafika kesho yake na gari kubwa, akanywa chai, akasifu maua, akapiga picha kila chumba "za kumwonyesha mshirika wangu". Kisha akataja bei: milioni 8.5.

"Mathe, hawa wengine watakuzungusha na benki miezi sita," akasema. "Mimi siku saba nimemaliza."

Anti alitaka kutia sahihi siku hiyohiyo. Kilichomzuia ni kwamba miwani yake ilikuwa imevunjika, akaniita nimsomee mkataba. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na saa nne asubuhi ya siku ya kazi ndiye huwa napatikana.

Ulikuwa na kurasa nne tu. Dipoziti: shilingi 200,000, ilhali mauzo ya kawaida ya nyumba hapa kwetu huanza na asilimia 10 ya bei. Salio: ndani ya siku 90 baada ya sahihi. Nikarudia kusoma. Zile siku saba za kwenye nguzo zilikuwa zimeenda wapi? Halafu jina la mnunuzi: kampuni fulani, "na/au mteule wake".

Hayo maneno matatu ya mwisho sikuyatilia maanani. Maana yake niliipata Jumapili, binamu yangu aliponitumia tangazo kutoka mtandao wa kuuza nyumba. Sebule ya anti ilikuwa pale, na vitambaa vyake vya kufuma juu ya makochi. Bei: milioni 12.

Kumbe mwekezaji hakuwa na milioni 8.5. Alikuwa na laki mbili na miezi mitatu. Angekufunga wewe na mkataba, azunguke akitafuta mnunuzi wa kweli, huyo ndiye awe "mteule", kisha tofauti ya milioni 3.5 iingie mfukoni mwake. Akikosa mtu, anakuja siku ya 89 na hadithi ndefu, na wewe umekaa miezi mitatu ukifukuza wateja wengine. Wala usifikiri lazima uwe wizi wa kumpeleka mtu mahakamani. Kila ukurasa ungekuwa na sahihi yako.

Nimeandika haya kwa sababu tumefundishwa kuliogopa neno "kesh" kwa heshima, kana kwamba mtu amekuja kutuokoa. Hebu tuangalie hesabu. Akaunti za mikopo ya nyumba katika benki zote za Kenya ni kama 30,000 hivi, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Yaani wengi wanaonunua nyumba hapa wananunua kwa akiba, kwa sacco, kwa pesa ya shamba lililouzwa kijijini, au kwa ndugu aliye Qatar. Mwalimu na mkewe waliochanga miaka kumi na tano ni wanunuzi wa kesh pia, ila hawabandiki karatasi kwenye nguzo. Kwa hivyo mtu akikwambia umpunguzie milioni tatu eti kwa kuwa yeye ni wa kesh, muulize anakupa kitu gani ambacho wengine hawana.

Jibu la haki ni moja: kasi. Nayo ina bei, sikatai. Mtu mwenye bili ya hospitali anaweza kuamua kuchukua milioni 11 wiki mbili zijazo badala ya 12 mwezi wa Desemba, na hakuna wa kumcheka. Lakini lazima ajue anaachilia ngapi. Tulimwita mthamini aliyesajiliwa, tukamlipa ada yake (iliuma), akaandika milioni 11.8. Hapo ndipo anti alipokaa kimya kwanza.

Na kasi yenyewe ithibitishwe. Tulimwomba jamaa barua ya benki inayoonyesha pesa ipo, na tukasema tutapiga simu wenyewe kwenye tawi, kwa namba tutakayoitafuta sisi. Tukaomba CR12 ya kampuni, ile karatasi ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Inapatikana kupitia eCitizen, si siri ya serikali. Alikasirika. Akasema anti "ameharibiwa na vijana". Pia alitaka wakili mmoja tu, wa kwake, "kuokoa gharama". Hapo usikubali hata kama wakili huyo ni binamu ya askofu. Wa kwako awe wako, umtafute jina kwenye orodha ya Chama cha Mawakili uone kama ana leseni ya mwaka huu. Dipoziti ishikwe naye. Hati miliki ya asili ikae kwake mpaka pesa iingie, au mpaka wakili wa mnunuzi atoe ahadi ya maandishi kwamba italipwa. Nimesikia wazee waliotoa hati "ikapigwe kopi" wakaishia kuitafuta.

Halafu kodi. Jamaa aliandika kwamba atakata asilimia 15 "ya KRA" kutoka kwenye bei. Kiwango hicho kipo kweli, ndicho cha kodi ya faida ya mtaji tangu Januari 2023. Ila inatozwa kwenye faida, si bei nzima. Anayeilipa KRA ni muuzaji, mnunuzi hana ruhusa ya kujikatia tu. Tena mtu aliyeishi kwenye nyumba yake mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza amesamehewa. Anti ameishi pale zaidi ya ishirini. Hesabu mwenyewe asilimia 15 ya milioni 8.5 uone ni pesa ngapi zingeyeyuka kwa sentensi moja.

Najua utaniambia mwenye shida hachagui. Anti mwenyewe aliniambia hivyo, kwa hasira, na ilikuwa kweli kwamba mimi sikuwa nalipa hiyo bili. Kilichomsaidia ni baba kwenda na yeye ofisi ya fedha ya hospitali, wakakubaliwa kulipa kidogokidogo, na familia ikachanga awamu ya kwanza. Haraka ilipopungua, bei ya jamaa nayo ikaanza kupanda yenyewe: 9, kisha 9.6, kwa simu, bila karatasi yoyote. Barua ya benki hajaleta hadi leo.

Nyumba bado haijauzwa. Kuna mke na mume wa Donholm waliotoa 11.4, wanasubiri sacco yao, na wakili wa anti tayari ameshika asilimia 10 yao. Binamu yangu ametoka hospitali. Wiki jana kibandiko kipya kilitokea kwenye nguzo iliyo mbele ya geti, namba tofauti, maneno yaleyale, na anti alitoka na kisu cha jikoni akakikwangua.