Kompyuta Dukani: Usiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia!

Wiki hii tunaingia Kariakoo, lakini safari hii hatufuati viatu vya Mtaa wa Kongo wala simu za Aggrey. Tunafuata programu ya kompyuta ya kuendeshea duka. Ndiyo, ile inayohesabu mzigo, inayotoa risiti, na jioni inamwambia tajiri kama kapata au kapatikana.

Vijana wengi siku hizi wanafungua fremu. Mtu kajibana, kachangiwa na ndugu, kalipa kilemba, kaleta mzigo wa kwanza. Mara anatokea jamaa na kompyuta yake kwapani, shati limenyooka, anabonyeza bonyeza, michoro ya rangi inacheza kwenye kioo, na tajiri mpya anatoa mshiko palepale. Miezi miwili baadaye daftari limerudi mezani na kompyuta imebaki ya kupigia muziki. Hapo ndipo kasheshe, maana hela hairudi na jamaa simu hapokei!

Sasa utachaguaje? Twende taratibu.

KWANZA, LIJUE DUKA LAKO
Kabla hujamsikiliza muuzaji, chukua karatasi uandike: unauza nini, kwa kipimo gani, nani unamkopesha, na mikono mingapi inagusa hela. Duka lenye bidhaa thelathini na muuzaji mmoja halihitaji mtambo wa kampuni ya meli. Jedwali la Excel linakutosha, na kama Excel ni ghali ipo LibreOffice, ambayo ni ya bure na halali kabisa. Kama una stoo mbili, vijana watano na wateja wa jumla kutoka mikoani, hapo ndugu yangu daftari litakuzidi nguvu.

PILI, ILETEE HESABU ZAKO
Usikubali muuzaji akuonyeshe mifano yake. Mifano yake siku zote inakubali! Mpe ya kwako.

Mwambie aingize katoni moja yenye dazani 12, yaani pisi 144. Uza dazani mbili na pisi tano. Zimetoka 29, zimebaki 115. Programu isiyojua kugawa katoni kuwa dazani na dazani kuwa pisi itakuletea mambo ya ajabu, na ukifika mwisho wa mwezi mzigo hautoshi. Unajua atakayelaumiwa nani? Kijana wa dukani. Mtoto wa watu anafukuzwa kwa wizi ambao haukutokea, kisa kompyuta haijui dazani ni ngapi.

Kama umesajiliwa VAT, mpe na hii. Kitu bei yake ni sh. 11,800, kodi ya asilimia 18 imo ndani. Kodi yenyewe ni sh. 1,800. Programu ikisema sh. 2,124, ujue imepiga asilimia 18 juu ya bei ambayo tayari ina kodi. Mshukuru muuzaji, muage.

Ya tatu ndiyo inayowamaliza wengi. Umenunua mashati 100 kwa sh. 8,000, mzigo wa pili mashati 100 kwa sh. 9,500. Wastani ni sh. 8,750. Unauza kwa sh. 9,200, kompyuta inakupongeza: faida sh. 450 kila shati! Unakula pilau. Lakini ukirudi kununua mzigo mwingine kwa sh. 9,500, kila shati unapungukiwa sh. 300. Kompyuta haikudanganya, imejibu ulichoiuliza. Basi tafuta inayokuonyesha vyote viwili, wastani na bei ya mzigo wa mwisho, kisha upange bei kwa akili yako mwenyewe.

TATU, MALI KAULI NA MAWINGA
Programu nyingi zimetengenezwa kwa maduka ya Ulaya, ambako mteja analipa na kuondoka. Kariakoo siyo hivyo. Hapa kuna mali kauli: mtu anachukua mzigo kwa neno lake, analipa nusu Jumatano, nusu nyingine akiuza. Kuna winga, anachukua jozi tatu anakimbia nazo kwa mteja, anarudi na hela au anarudi na viatu. Je, programu ina mahali pa mzigo uliotoka bila kuuzwa? Inapokea malipo ya kidogo kidogo? Inakuonyesha deni lina siku ngapi? Kama haina, madeni yatabaki kichwani mwako, na kichwa nacho kina mambo yake.

Tena ukishaandika majina na simu za watu humo, yatunze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na deni la mtu siyo la kubandika kwenye grupu la mtaa.

NNE, RISITI
Mashine za EFD ziliingia mwaka 2010, na tangu hapo TRA na Kariakoo wamekuwa kama mke na mume wanaogombania rimoti. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Miongoni mwa malalamiko yalikuwa namna kodi zinavyokusanywa. Sisi hatuamui ugomvi huo hapa, ila tunasema hivi: mwenye kumbukumbu safi ana cha kusema mbele ya ofisa, asiye nazo anabaki kutoa macho.

Siku hizi programu inaweza kutoa risiti halali bila kile kimashine, kwa mfumo wa VFD. Lakini siyo kila anayesema "tumeunganishwa" kaunganishwa kweli. Mwambie akuonyeshe risiti halisi kutoka duka lingine linalotumia programu yake, kisha uihakiki kwa TRA. Kama haitambuliki, hiyo ni karatasi ya kufungia karanga.

TANO, UMEME, INTANETI NA MOTO
Mwaka 2023 mgao ulitutoa jasho. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Programu inayotegemea intaneti kila sekunde siku hiyo inakuwa pambo. Muulize jamaa, "Mtandao ukikata naendelea kuuza?" Usisubiri jibu la mdomo, zima intaneti mbele yake uone.

Halafu kuna mambo tusiyopenda kuyakumbuka. Julai 10, 2021, soko kuu la Kariakoo liliungua usiku. Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka palepale Kariakoo, watu wakapoteza maisha na mali zikafukiwa. Uhai hauna mbadala, lakini kumbukumbu za biashara zinayo nakala. Basi nakala isikae droo moja na kompyuta. Iwe nyumbani, au kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kila mwezi jaribu kuifungua. Nakala isiyofunguka ni sawa na hirizi tu.

SITA, NANI ANAFUTA?
Kila anayeuza awe na jina lake na namba yake ya siri. Muuzaji auze, asifute. Akikosea, sahihisho lionekane, pamoja na saa na jina. Wengine wanadhani haya ni ya kuwabana vijana. Wapi! Yanawalinda. Hela ikipungua saa kumi na wewe ulitoka saa nane, kompyuta inakutetea kuliko kiapo.

SABA, BEI YENYEWE
Tuseme moja inauzwa sh. 400,000 mara moja, nyingine sh. 30,000 kwa mwezi. Ya pili inaonekana rahisi, eti? Mwaka ni sh. 360,000, miaka mitatu ni sh. 1,080,000. Lakini ile ya kwanza nayo uliza: mafunzo nani analipa? Ikiharibika fundi anakuja kwa bei gani? Sheria ya kodi ikibadilika nani anarekebisha? Jumlisha yote ndipo ulinganishe.

Kopi za mtaani zilizovunjwa kufuli ziache. Anayekupa bure kitu cha watu, hujui kakiwekea nini ndani, na humo ndimo zinakaa hesabu zako zote.

Mwisho kabisa, muulize: "Siku nikikuacha, naondoka na data zangu?" Programu nazo zina uzee wake. Hata Intuit, wenye QuickBooks, mwaka 2024 waliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani baadhi ya matoleo yanayokaa kwenye kompyuta. Kama orodha ya mzigo na madeni haitoki kwenda kwenye jedwali la kawaida, wewe siyo mteja tena, ni mateka.

Ukishampata anayejibu yote, bado usilipe kamili. Omba majaribio ya wiki mbili, uandike kwenye daftari na kwenye kompyuta kwa pamoja, kila jioni ulinganishe. Zikikubaliana siku kumi na nne, funga daftari kwa heshima. Zisipokubaliana, tafuta kosa liko wapi kabla hujamshika mtu shati.

Wiki ijayo, panapo majaaliwa, tutazungumzia simu za mtumba: utajuaje kama betri ni nzima au imevishwa suti? Mpaka hapo, biashara njema, na hesabu ziwe upande wenu!