Mashine za Babati na Fedha za Jumuiya



Tangu baadhi yetu wapite Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, maneno yamekuwa mengi. Waliziona mashine za kule za kusaga mahindi na kukamua alizeti, nao wauliza: kwa nini jumuiya yetu nayo isinunue mota, zizungushe feni za kupulizia hewa ya moto kwenye karafuu siku za mvua, badala ya kukimbizana na majamvi? Swali ni zuri, na sisi twaliunga mkono. Lakini kabla mfuko haujafunguliwa, twasema hivi: tusinunue mota bila ya chombo cha kuiwasha na kuilinda.

Babati umeme upo. Njia kuu ya kilovolti 220 baina ya Singida na Arusha yapita hapo. Hata hivyo, mota kubwa haiwashwi ovyo popote pale. Mota ya kawaida ya fezi tatu ikiwashwa moja kwa moja, kwa nukta chache huvuta umeme mara 6 hata 8 kuliko inapokwisha kushika mwendo. Volti za njia hushuka, taa za jirani hufifia, na nyaya za ndani ya mota hupata joto.

Dawa ya zamani ni stata ya staa-delta. Hiyo hupunguza umeme wa kuwashia ukawa theluthi, lakini na nguvu ya kuzungusha nayo huwa theluthi. Ndiyo sababu kinu cha mahindi huwashwa kitupu, kikisha kushika mwendo ndipo mahindi yamiminwe. Dawa mpya ni inveta. Umeme wetu hupiga mapigo 50 kwa sekunde; inveta huanza na mapigo machache, ikayaongeza kidogo kidogo, na mota ikaanza kwa upole. Tena mwendo waweza kupunguzwa upendavyo. Feni ikizungushwa kwa asilimia 80 ya mwendo wake, hula kama nusu tu ya umeme. Kwa mkaushaji karafuu, hiyo si faida ndogo.

Sisi Pemba, tangu 2010 twapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Basi sisi na watu wa Babati twateka kisima kimoja, nacho ni gridi ya Taifa. Lakini aghalabu mashamba yetu yako mwisho wa njia, mbali na transfoma, na huko ndiko volti zinakoshuka zaidi mota kubwa inapowashwa.

Wapo watakaosema kwamba vyombo hivi vyaongeza gharama. Ni kweli. Lakini fezi moja ikikatika, mota isiyo na kinga huendelea kunguruma huku yaungua. Mota yaweza kusukwa upya. Karafuu mbichi zilizolundikwa hazingoji fundi, huchacha zikavunda. Hasara hiyo haimpati muuza mota, bali yatupata sisi tuliolipa wachumaji.

Kwa hiyo twashauri kila bei itakayoletwa mbele ya kamati iandikwe kwa mafungu matatu: mota, chombo cha kuiwashia, na kinga ya joto na ya kukatika fezi. Bei isiyo na mafungu hayo irudishwe, hata ikiwa rahisi namna gani. Na kabla ya kulipa, Shirika la Umeme Zanzibar liulizwe kama njia ya hapo shambani ina fezi tatu, na kama yaweza kuubeba mzigo huo.

Fedha za mfuko ni jasho la wanachama wote, na za kununulia mota ya pili hatuna. Tuulize kwanza, ndipo tununue.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Jumuiya