Hodi Katika Simu ya Mtoto

Katika miji yetu ya pwani mtu mwenye adabu hasukumi mlango wa chumba cha mwenziwe, ujapokuwa wazi, mpaka apige hodi na aitikiwe. Wala desturi hii haikuwekwa kwa ajili ya wageni peke yao. Wenye kuisoma Kurani wanajua kwamba Sura ya Nuri, katika aya ya 58 na ya 59, imewataka watoto wadogo waombe idhini ya kuingia kwa wakubwa wao katika nyakati tatu, yaani kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo zao wapumzike, na baada ya sala ya isha. Kisha wafikapo balehe waombe idhini kila wakati kama waombavyo watu wazima. Staha, basi, hukua pamoja na umri. Nami nasema kuwa mtoto aliyefikia kutakiwa apige hodi kwa wazazi wake amefikia pia kupigiwa hodi na wao.

Nayanena haya kwa sababu wako wazazi ambao, kwa mapenzi yaliyochanganyika na hofu, huitwaa simu ya kijana wa miaka 15 hali amelala, wakaifungua kwa kidole chake mwenyewe, wakayasoma mazungumzo yake ya WhatsApp tangu mwanzo hata mwisho, au wakaitia kwa siri programu ya upelelezi, kisha wakairudisha mahali pake kana kwamba hapakuwa na jambo.

Hofu yao si ya bure. Mwovu wa mtandaoni hujidai rika la mtoto, akamsifu, akamliwaza, akamtoa katika mazungumzo ya wazi akampeleka faraghani, akamwomba picha isiyostahili kuonwa; na akishaipata hugeuka akamwambia: lete fedha, au lete picha nyingine, ama sivyo hii itamfikia baba yako na wenzako wote wa darasani. Tulipime tishio hilo kwa makini. Nguvu zake zote zatokana na yakini ya mwovu kuwa mtoto atamwogopa mzazi wake kuliko amwogopavyo yeye. Mtoto ajuaye kwamba akisema atasikilizwa kabla ya kukemewa humpokonya mwovu silaha yake siku ile ile. Ilhali yule aliyezoea kupekuliwa, ambaye kila neno alilomwandikia sahibu yake lilimrudia kuwa shutuma, hubadili nywila, hufungua akaunti ya pili isiyojulikana nyumbani, hufuta kila aandikacho, na siku ya balaa hana wa kumkimbilia. Tena mara nyingi mwovu huyo ni mtu ambaye mtoto anamjua nje ya mtandao, na mzazi anayeipekua simu akitafuta majina mageni hulipita jina la jirani bila ya kushtuka.

Atasema mzazi: simu nimeinunua mimi kwa jasho langu. Ni kweli, na nyumba pia umeijenga wewe, lakini huingii bafuni binti yako anapooga kwa hoja kwamba matofali ni yako. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, unataka katika ibara ya 19 mtoto akingwe na madhara, na katika ibara ya 16 asiingiliwe kiholela katika faragha yake na barua zake. Wala ibara moja haikuja kuifuta nyingine.

Simsihi mzazi aache malezi. Kijana wa miaka 13 na akae na mzazi wake waitengeneze simu pamoja: akaunti ifungwe kwa wasiojulikana, mahali alipo pasionyeshwe, na usiku simu zote, za wazazi zikiwamo, zilale ukumbini. Ikiwa simu itatazamwa, aambiwe mapema, na itazamwe naye yupo. Kisha kamba ilegezwe mwaka hata mwaka kwa kadiri ya uaminifu wake. Na zikidhihiri dalili za hatari, kama kukosa usingizi, fadhaa kila ujumbe uingiapo, au fedha na zawadi zisizojulikana zitokako, hapo mzazi hana budi kuingia, lakini aingie kwa uso wake na kwa kauli ya wazi: mwanangu, nina hofu juu yako, njoo tuitazame pamoja.

Na janga likishatokea, msimlipe mwovu, wala msiufute ujumbe wake hata mmoja, kwa kuwa huo ndio ushahidi wa kupeleka polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya inayo yake ya mwaka 2018. Huduma ya Take It Down, iliyoanzishwa Marekani, huisaidia Instagram na mitandao mingine iliyojiunga nayo kuitambua na kuiondoa picha ya aliye chini ya miaka 18, bila ya picha yenyewe kutoka katika simu yake. Lakini msaada wote huo huanzia kwa mtoto kufumbua kinywa chake, na kinywa hicho mzazi ndiye akifunguaye au akifungaye, miaka kabla ya msiba.

Nambari 116, ya huduma ya simu kwa watoto, hupigwa bure Tanzania na Kenya. Mwandikie mwanao leo, na umwambie kwamba kuipiga hana haja ya kukuomba ruhusa.