Alama ya C+ Haitoshi Garsen

Mwanafunzi wa kaunti ya Tana River aliyepata C+, ambayo ndiyo alama ya chini kabisa ya kusomea shahada kwa ufadhili wa serikali nchini Kenya, bado anakabiliwa na mtihani asiofundishwa darasani, nao ni kuomba nafasi mtandaoni kupitia KUCCPS, yaani taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo na kozi. Tangu 2023 huongezewa ombi la pili, la ufadhili na mkopo, linalomtaka aeleze hali ya kipato cha wazazi. Lakini mfugaji wa Kiorma, ambaye mali yake ni ng'ombe wanaofuata malisho, au mkulima wa Kipokomo, ambaye maembe yake husombwa mto unapofurika, hana hati ya mshahara ya kuonyesha. Kazi ya kujaza maombi hayo huachiwa mhudumu wa saiba mjini Garsen, ambaye hulipwa kwa kujaza fomu, si kwa kushauri. Basari, zinazosifiwa mno, humfaa aliyekwisha kupata nafasi. Kwa hiyo kaunti haina budi kupeleka washauri Hola, Garsen, Tarasaa na Kipini kabla muda wa maombi haujafungwa.