Ziada ya Bei Si Ziada ya Faida

Imekuwa desturi katika vyuo vya Afrika Mashariki, na nje ya vyuo vilevile, mtu kupimwa kwa simu aliyoishika mkononi. Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya Luthuli Avenue, Nairobi, mnunuzi afikapo mbele ya meza ya kioo huonyeshwa simu mbili zilizotoka kwa mtengenezaji mmoja katika mwaka mmoja. Zafanana kwa umbo kama ndugu wa tumbo moja; lakini moja huitwa ya kawaida, na ya pili huitwa ya daraja la juu. Tofauti ya umbo ni ndogo, tofauti ya bei ni kubwa. Hapo ndipo swali lizaliwapo: je, ziada ya bei huleta ziada ya faida? Wengi hujibu upesi kwamba huleta, na hutoa fedha kabla ya kutoa sababu. Jibu hilo si la kweli kwa walio wengi, na wanaolishikilia wanastahili kuulizwa ushahidi wao uko wapi.

Kwanza hapana budi swali liwekwe mahali pake, maana mabishano mengi ya jambo hili huharibika kwa kuchanganya mambo mawili. Hapana abishaye kuwa simu dhaifu kupita kiasi ni hasara kwa mnunuzi. Simu isiyopata tena marekebisho ya usalama wa programu zake ni nyumba isiyo na komeo, na mwenye kuweka fedha zake ndani yake hulala mlango wazi. Simu yenye nafasi finyu ya kuhifadhi mambo hujaa kabla mwaka haujaisha. Aepukaye vitu hivyo afanya vyema. Walakini watetezi wa bei kubwa huuchukua ubaya wa simu mbovu wakaufanya kuwa sifa ya simu ghali, kana kwamba baina ya mbovu na ghali hapana kitu. Kati yao ipo simu njema ya bei ya wastani, na hiyo ndiyo ipasayo kulinganishwa na ya daraja la juu.

Hesabu na itazamwe. Mwaka 2024 kampuni ya Apple ilipotoa iPhone 16, bei yake ya kuanzia nchini Marekani, kabla ya kodi, ilikuwa dola 799. iPhone 16 Pro ilianzia dola 999, na iPhone 16 Pro Max dola 1,199. Basi ziada ilikuwa dola 200 kwa ya pili na dola 400 kwa ya tatu. Dola moja ikihesabiwa kwa shilingi 2,500 za Tanzania, ziada hizo ni shilingi 500,000 na shilingi 1,000,000. Mwanafunzi ajikimuye kwa shilingi 10,000 kwa siku hutoa riziki ya siku 50 kwa ziada ya kwanza, na ya siku 100 kwa ziada ya pili. Wala hiyo si bei ya simu, ni bei ya tofauti tu. Simu hizo zifikapo Afrika Mashariki, zikiwa zimebeba ushuru, nauli na faida ya wauzaji, hesabu haipungui bali huongezeka.

Na kitu kinunuliwacho kwa riziki ya siku hizo 50 ni nini? Ni lenzi ya kuvuta karibu vitu vilivyo mbali. Ni kioo kiwezacho kubadili picha mara 120 kwa sekunde badala ya mara 60. Ni fremu ya titani badala ya alumini. Na ni mambo mengine machache ya namna hiyo. Kuandika insha, kusoma kitabu, kusikiliza mhadhara, kutuma fedha, kuzungumza na mzazi aliye mbali: kazi hizi zote simu ya kawaida ya mwaka uleule huzifanya kwa ukamilifu. Hapana sentensi iliyopata kuwa fasaha zaidi kwa sababu ya kuandikwa juu ya kioo cha mara 120.

Mtetezi wa kwanza husimama akasema kuwa kitu ghali hudumu, na kwamba alipaye zaidi leo hulipa kidogo kesho. Maneno haya yana sura ya hekima, lakini hayasimami mbele ya mambo yalivyo. Mwaka 2023 kampuni ya Google ilitoa Pixel 8 kwa dola 699 na Pixel 8 Pro kwa dola 999, ikaziahidi zote mbili marekebisho ya programu kwa muda wa miaka 7. Mwaka 2024 ikatoa Pixel 8a kwa dola 499, na ahadi ikawa ileile ya miaka 7. Samsung nayo, mwanzoni mwa mwaka 2024, iliahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 ya dola 799 na kwa Galaxy S24 Ultra ya dola 1,299. Hapo msomaji ataona kuwa miaka haikuwekwa ndani ya ziada. Alipaye dola 500 za juu hakununua hata siku moja ya ahadi kuliko mwenzake.

Betri ni vivyo hivyo. Betri za simu hizi ni za lithiamu, na kila izungukapo katika kuchajiwa na kutumika hupungukiwa nguvu kidogo. Hiyo ni tabia ya kemia, na kemia haisomi bei. Mwaka 2024 Apple ilitangaza kuwa betri za iPhone 15 zimeundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1,000 ya kuchajiwa katika hali njema, na tangazo hilo lilihusu aina zote 4, za kawaida na za Pro pamoja.

Husemwa tena kuwa simu ghali huuzika vizuri baadaye. Na iwe hivyo. Simu ya dola 799 na ya dola 999 zikipoteza zote nusu ya thamani, ya kwanza imepoteza dola 400 na ya pili dola 500, takribani. Katika ziada ya dola 200, mia moja imerudi na mia moja imekwenda. Mwenye kuita hiyo kuwa akiba amebadilisha maana ya neno.

Kwa nini basi tofauti ya bei iwe kubwa hivi? Jibu lake ni la zamani kuliko simu. Mwaka 1849 mhandisi na mwanauchumi wa Ufaransa, Jules Dupuit, aliandika juu ya mabehewa ya reli ya daraja la tatu yaliyokuwa hayana paa. Alieleza kuwa kampuni haziachi kuyaezeka kwa ajili ya gharama ya paa. Shabaha ni kumzuia awezaye kulipia daraja la pili asipande la tatu. Maskini huloweshwa na mvua, si kwa kuwa anachukiwa, bali ili mwenye nacho aogope.

Mwenye kuifahamu habari ya behewa hilo ataifahamu na habari ya simu. Mwaka 2021 Apple iliweka kioo cha mara 120 katika iPhone 13 Pro, ikainyima iPhone 13 ya kawaida. Mwaka baada ya mwaka simu ya kawaida iliendelea kunyimwa, ilhali simu za watengenezaji wengine za bei ndogo kuliko hiyo zilikuwa nacho. Mwaka 2025 ndipo iPhone 17 ya kawaida ilipokipata, kwa bei ya kuanzia ileile ya dola 799. Ni shida kuamini kuwa kwa miaka 4 kioo hicho kilishindikana kuwekwa. Kilikuwa paa la behewa: kilizuiliwa ili wenye fedha wapande daraja la juu, na walipokwisha kupanda kwa wingi, kikateremshwa. Kadhalika mwaka 2007, iPhone ya kwanza yenye gigabaiti 8 ilianza kuuzwa tarehe 29 Juni kwa dola 599. Mwanzoni mwa Septemba mwaka uleule ikashushwa hadi dola 399. Walioitangulia wakanung'unika, na kampuni ikawapa hati za dola 100 za kununulia bidhaa zake. Simu haikuwa imepungua chochote katika wiki hizo chache. Kilichopungua ni idadi ya watu waliokuwa tayari kulipa dola 599. Bei, basi, aghalabu ni kipimo cha hamu ya mnunuzi, si kipimo cha kazi ya kitu.

Mtetezi wa pili ni mwenye kusema kuwa kazi njema hutaka chombo bora. Kwa baadhi ya watu neno hili ni haki. Mpiga picha alishaye watoto wake kwa picha, au mtengenezaji wa filamu asiye na kamera nyingine, akiona lenzi ya juu itamrudishia fedha zake, na anunue bila ya kuona haya. Huyo ana hesabu. Lakini wanaolitumia neno hili kwa wingi si wao. Ni wale ambao picha yao kubwa ni ya sahani ya chipsi, na filamu yao ndefu ni ya sherehe ya rafiki. Wahenga walikwisha kuwajibu: mchagua jembe si mkulima.

Na Afrika Mashariki yenyewe ni shahidi. Mwezi Machi 2007, miezi michache kabla ya iPhone ya kwanza kuuzwa Marekani, Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Mwaka 2008 huduma hiyo ikaanza Tanzania kwa Vodacom. Iliendeshwa kwa simu ndogo za vitufe, zisizo na kamera ya maana wala kioo cha kujivunia. Kwa vyombo hivyo hafifu mama muuza samaki alipata mahali pa kuweka fedha, na kijana wa mjini akapata njia ya kumtumia babaye senti za dawa bila ya kumkabidhi dereva wa basi. Jambo kubwa kuliko yote lililopata kufanywa kwa simu katika nchi hizi lilifanywa kwa simu za bei ndogo. Asemaye kuwa mawazo makubwa yanangoja simu kubwa hakuitazama historia iliyo mlangoni pake.

Mtetezi wa tatu ndiye mwenye nguvu, ijapokuwa husema kwa sauti ya chini. Huyu hasemi juu ya lenzi wala betri; husema juu ya heshima. Adai kuwa mtu mwenye simu duni hudharauliwa, hasikilizwi, na hata katika kutafuta kazi huonekana wa nyuma. Mwaka 1899 Thorstein Veblen, katika kitabu chake juu ya tabaka la watu wa starehe, alionyesha kuwa vitu vingi hununuliwa ili gharama yake ionekane. Ughali wake ndio kazi yake. Mtetezi huyu anakiri, bila ya kujua, kuwa Veblen alisema kweli. Lakini heshima ya namna hiyo ina ila moja isiyotibika: haikai. Simu ya daraja la juu ya mwaka huu ni ya pili mwakani, na ya tatu mwaka wa kesho kutwa. Mwenye kuifuata hukimbia nyuma ya kivuli chake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wala haitoshi kusema kuwa mali ya mtu ni mali yake, na atumie apendavyo. Tajiri na atumie. Lakini desturi aianzishayo huwalemea wasio na mali yake. Ziko simu zitolewazo kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku, na mdaiwa akikosa kulipa, simu hufungwa kutoka mbali, akabaki na kipande cha kioo kisichosema. Mkopo huo ukimpatia bodaboda chombo cha kazi, una maana. Ukichukuliwa na kijana ili asionekane wa daraja la chini, ni kukopa harusi, kulipa matanga. Wapo na wazazi walioombwa fedha za vitabu, na vitabu hivyo vikageuka kuwa lenzi. Aibu iliyomsukuma kijana huyo haikuzuka yenyewe. Ilitengenezwa na macho ya wenzake. Kila mwenye kumcheka mwenzake kwa simu yake ni mwuzaji wa kampuni asiyelipwa mshahara.

Lipo na deni jingine lisiloandikwa katika risiti. Ndani ya betri nyingi za simu hizi mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, katika nchi ya Kolwezi na jirani zake, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya machimbo. Wengine huchimba kwa mikono katika mashimo yasiyo na nguzo, na watoto wamekutwa miongoni mwao. Simu yo yote, ghali au rahisi, ina deni hilo. Lakini aibadiliye simu nzima kila mwaka kwa ajili ya jina huliongeza bila ya haja, na watu wanaolilipa husema lugha yake.

Yabaki mambo ya kutenda. Mwenye simu izimayo kazi yake sawasawa asiache mbachao kwa msala upitao. Anayelazimika kununua na aulize kwanza simu itapata marekebisho kwa miaka mingapi, ina nafasi kiasi gani, na betri yake yaweza kubadilishwa wapi na kwa bei gani. Kisha aitazame ile ya daraja la juu na kuitaja kazi moja, moja tu, aifanyayo kila juma ambayo simu ya kawaida haiwezi kuifanya. Akiipata, na anunue. Asipoipata, ajue kuwa ziada yote ni ada ya kutazamwa.

Mwanachuo hufundishwa asikubali dai lisilo na ushahidi, liwe limetoka kwa mwandishi mkubwa au kwa mwalimu wake mwenyewe. Ni ajabu kubwa kwamba mtu huyohuyo, aliyeikataa nadharia nzima asubuhi kwa kukosa tanbihi moja, jioni huamini ubao wa tangazo na kutoa riziki ya siku 50 bila ya swali. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hapana kitu kijitembezacho mijini leo, kwa taa na kwa picha, kuliko simu hizi.