Bora niitwe mnoko

Wadau, leo hakuna habari za bumu wala foleni ya kafeteria. Nina hasira, na hasira yenyewe ni ya mistari michache ya msimbo.

Jamaa mmoja wa kompyuta, ambaye ndiye aliyenibeba hosteli muhula huu (nalala kwa hisani yake, nakiri), kaniletea draiva yake ya IOMMU niipitie. Kwa wasioijua, IOMMU ni mlinzi wa memori. Kamera au kadi ya mtandao ikitaka kuandika kwenye memori bila kupitia prosesa, yeye ndiye anayetazama jedwali la anwani na kusema hapa pita, kule marufuku. Jamaa anataka niweke jina kwamba nimekagua. Nimekataa. Kanijia juu: "We mwalimu bwana, kalamu nyekundu imekulevya. Si inafanya kazi?"

Haya, tuanzie hapo hapo kwenye "inafanya kazi". Mwanafunzi akikata 6 ya juu na 6 ya chini kwenye 16/64 anapata 1/4. Jibu sahihi kabisa! Mpe 17/74 akate 7 zake, atakuletea 1/4 ile ile, na safari hii kachemsha. Mwalimu aliyempa vema kwenye ile ya kwanza alikuwa anasahihisha nini?

Sasa tazameni. Jamaa kachukua anwani aliyopewa na ioremap, akaivua alama ya __iomem, akaibandika volatile, kisha anaandika kwenye rejista moja kwa moja kama vile ni memori ya kawaida. Alama ile si urembo. Sparse, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2003, kinaitumia kupiga kelele ukifanya mchezo huo. Kelele kazisikia, kaziba masikio.

Hiyo volatile inamzuia kompaila asiiruke ile rejista. Basi. Prosesa haiihusu. Na draiva hii kwanza inafuta ukurasa kwenye jedwali lililo kwenye memori, halafu inaandika rejista kuiambia IOMMU itupe tafsiri za zamani. Kwenye ARM, bila kizuizi, agizo la pili linaweza kufika kabla ya la kwanza kuonekana. IOMMU inatupa ilichonacho, inarudi kusoma jedwali, inakuta mambo ya jana. Ukurasa umeshapewa mwenyeji mwingine, kamera bado inaumwagia picha! Ukitumia writel, kizuizi kimo ndani yake. Ndo maana nyaraka za kernel ya Linux zina ukurasa mzima wa kuipinga volatile. Na sikumwambia aweke kizuizi kila mahali, maana kina gharama. Pale anaposoma namba ya toleo la kifaa, readl_relaxed inatosha, nikamwachia.

Kibaya zaidi kipo chini. Rejista ya makosa ni ya aina ile ambayo ukiandika 1 kwenye biti, biti inafutika. Yeye anaisoma yote, anaongeza biti yake kwa OR, anairudisha. Kama makosa 4 yalikuwa yanasubiri, kashughulikia 1 na kafuta yote. Hakuna ujumbe, hakuna kilio. Kwenye meza yake ataijaribu hata mwezi mzima isilete shida, kwa sababu kosa huja moja moja.

Wanoko wapo, sikatai. Kuna wakaguzi wanagombana siku nzima juu ya nafasi na mabano, draiva inapita na ugonjwa wake. Hata mimi, aibu yangu, maoni yangu ya kwanza kwake yalikuwa ya tabu iliyokaa vibaya. Lakini jina la mkaguzi ni ushahidi kwamba kuna mtu alisoma na karidhika. Ukiligawa kwa urafiki, yule wa mbele naye ataliamini kama linavyoaminiwa desa la mwaka juzi.

Na hili la "we mwalimu" linaniudhi kupita yote. Eti ualimu ni wa waliokosa kozi. Kukaa na kazi ya mtu mstari kwa mstari ukiuliza amefikaje hapa, ndicho tunachofundishwa sisi huku, na ndicho draiva yake ilichokosa.

Nimeambiwa nitafute pa kulala kuanzia Jumatatu. Godoro langu lipo mlangoni tayari. OR yake nayo ipo pale pale, jina langu halipo.